Mzio na kinga inayojishambulia: majibu kwa mlioniandikia

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanazunguka jambo moja: mzio, au aleji kama wengi mnavyouita, una undugu gani na yale magonjwa ambayo kinga hushambulia mwili wenyewe? Nimechagua sita, na nimeanza na lile lililoandikwa kwa uchungu zaidi.

Shikamoo daktari. Nina pumu na mzio wa vumbi tangu utotoni. Mwaka huu nimeambiwa kinga yangu inashambulia tezi ya shingoni, ugonjwa wa Hashimoto. Je, ni mzio wangu uliokomaa kwa sababu sikuutibu vizuri?

Marahaba, binti yangu. Kwanza acha kujilaumu. Mzio haukomai ukageuka Hashimoto, na hakuna kosa ulilofanya.

Katika mzio, kinga inagombana na kitu cha nje kisicho na hatia: vumbi, chavua, karanga. Mwili hutengeneza kingamwili (protini za ulinzi) za aina ya IgE, nazo hujipachika juu ya seli ziitwazo masti, zilizotapakaa ndani ya ngozi na kwenye njia ya hewa. Vumbi likirudi, seli hizo humwaga histamini, kemikali inayoleta muwasho na chafya, ndani ya dakika chache. Ndiyo maana unaanza kupiga chafya kabla hujamaliza kukung'uta shuka. Hashimoto haina haraka hiyo. Seli nyeupe za damu huingia ndani ya tezi na kuiharibu taratibu kwa miaka, pasipo muwasho wala chafya, hadi homoni inapungua na mtu anajikuta amechoka, anahisi baridi, uzito unaongezeka.

Sasa, kwa nini vyote viwili vikufike wewe? Ndani ya kinga kuna seli ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake, kama mzee anayewashika mkono vijana wenye hasira. Shimon Sakaguchi wa Japani alizitambua mwaka 1995. Mwaka 2001, Mary Brunkow na Fred Ramsdell wa Marekani walieleza jeni inayozitegemeza, FOXP3, na mwaka 2025 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba. Wapo watoto wachache sana, wavulana, wanaozaliwa jeni hiyo ikiwa na hitilafu. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa na ukurutu mkali, IgE iliyopanda mno, na kisukari cha aina ya kwanza, ambacho nacho ni cha kinga kujishambulia, angali mchanga. Mzio na kujishambulia vimekutana katika mwili mmoja, kwa sababu moja: watulizaji hawapo. Wewe huna ugonjwa huo. Lakini uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba baadhi ya tofauti ndogo tunazozaliwa nazo huongeza uwezekano wa pumu na pia wa magonjwa ya kujishambulia. Ni ndugu, ila silaha zao ni tofauti, na dawa pia. Homoni ya tezi haitatibu pumu, kwa hiyo inhela yako usiiache.

Nina miezi minne natokwa na mabaka yaliyovimba na kuwasha, karibu kila siku. Nimeacha mayai, samaki, maziwa, karanga, hata nyanya. Nimekonda na mabaka yapo palepale. Ni chakula gani nimekisahau?

Hakuna, kaka. Rudi mezani ule.

Niliwahi kumpokea mgonjwa aliyekuja na daftari la vyakula alivyojikataza. Kurasa tatu, zimeandikwa kwa mwandiko mzuri, na mkono ulioshika daftari hilo ulikuwa na mabaka mapya. Nasikitika kila nikimkumbuka, kwa sababu alikuwa amejinyima bure. Mabaka ya aina hii, urtikaria, yakipita wiki sita, ni mara chache sana chakula kuwa ndicho chanzo. Katika kundi kubwa la wagonjwa, mwili umetengeneza kingamwili dhidi ya IgE yake wenyewe, au dhidi ya vipokezi vya IgE vilivyo juu ya zile seli za masti. Yaani histamini ni ileile ya mzio, lakini anayeimwaga ni kinga iliyojigeukia. Ndiyo maana daktari anaweza kuagiza kipimo cha tezi ya shingoni: magonjwa ya tezi huonekana zaidi kwa watu wenye tatizo lako.

Fanya jambo moja leo. Chukua kalamu, lizungushie duara baka jipya, andika saa pembeni. Baka la urtikaria ya kawaida hufutika kabla ya saa 24, hata kama jingine limeibuka kando yake. Likibaki ndani ya duara zaidi ya hapo, likiuma kuliko kuwasha, au likiacha weusi kama wa mahali palipogongwa, mwonyeshe daktari bila kukawia, maana huenda ni mishipa midogo ya damu iliyovimba, na wakati mwingine nyuma yake kuna lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo, figo na sehemu nyingine za mwili.

Kama yanafutika, tiba ni antihistamini zisizoleta usingizi, na hunywewa kila siku, si siku ya kuwashwa tu. Hapo ndipo wengi hukosea. Daktari anaweza kuongeza dozi hadi mara nne ya ile ya kawaida. Zikishindwa, kuna sindano ya omalizumab, inayoinasa IgE kabla haijajipachika kwenye seli. Na wengi hutulia wenyewe baada ya miaka michache.

Nikila mkate tumbo hujaa na naharisha. Rafiki amesema ni mzio wa ngano, nikaacha ngano. Nipime au basi?

Pima, ila kuacha ngano kabla ya kipimo kumekuharibia kidogo. Huenda si mzio kabisa. Kuna ugonjwa wa siliaki, ambao gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, huifanya kinga ishambulie utumbo mwembamba, pamoja na kingamwili dhidi ya kimeng'enya cha mwili wenyewe. Ni ugonjwa wa kujishambulia ulio wa pekee: kichocheo chake kinajulikana, na ukikiondoa utumbo hupona. Kingamwili hizo hupungua mtu akiacha ngano, hivyo kipimo kinaweza kukuonyesha mzima wakati si mzima. Mweleze daktari umeacha tangu lini. Huenda akakutaka urudie kula kwa wiki kadhaa. Lakini kama mkate umewahi kukuvimbisha midomo au kukubana kifua, usijaribu hilo nyumbani.

Nina lupasi. Nimeuziwa vidonge vya "kuongeza kinga" kwa kuwa eti kinga yangu iko chini. Nivimeze?

Usivimeze, dada yangu, nakuomba. Kinga yako haijalala, inafanya kazi mahali isipotakiwa, na dawa ulizoandikiwa zinajitahidi kuituliza. Hata mimea inayoonekana haina neno ina hatari zake: mbegu na chipukizi za alfalfa zimewahi kuamsha lupasi iliyokuwa imetulia.

Na hapa kuna undugu mwingine na mzio ambao wagonjwa wengi wa lupasi hawaambiwi. Antibiotiki za salfa huwaletea mzio mara nyingi kuliko watu wengine, na zinaweza kuuamsha ugonjwa. Kila anayekuandikia dawa, hata ya kidonda kidogo, mwambie una lupasi kabla hajashika kalamu.

Mimi nina baridi yabisi. Mwanangu wa miezi mitano ana ukurutu mkali. Nimcheleweshee karanga hadi akue?

Zamani tungekuambia usubiri, na tulikuwa tunakosea. Utafiti uliotolewa Uingereza mwaka 2015, wa watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, ulionyesha kwamba walioanzishiwa karanga mapema walipungukiwa na mzio wa karanga kwa zaidi ya asilimia 80 walipofika miaka mitano. Kinga huzoeshwa kupitia tumbo. Kwa kuwa ukurutu wake ni mkali, apimwe kwanza. Akiruhusiwa, mpe karanga iliyosagwa laini na kuchanganywa kwenye chakula, kamwe si punje nzima, maana itamkaba. Baridi yabisi yako, ingawa nayo ni ya kinga kujishambulia, haibadilishi ushauri huu.

Kipimo cha ANA kimetoka chanya lakini sijisikii kuumwa. Nina lupasi?

Kwa kipimo hicho peke yake, hapana. ANA ni kingamwili zinazolenga viini vya seli za mwili wenyewe, na watu wengi wenye afya njema wanazo, kama ambavyo wengi wana IgE ya karanga kwenye damu na wanakula karanga bila tabu. Kama viungo havikuumi, huna vidonda mdomoni, jua halikuletei vipele na mkojo wako umepimwa ukaonekana safi, rudi kwa aliyeagiza kipimo umuulize alikuwa anatafuta nini.