Alipwe kabla hajafunua gunia

Swali lenu la wiki hii, ni kazi gani ya mtaani imepotea na tungependa irudi, limenigusa pabaya. Nilitaka kuandika "muuza barafu" tu, yaishe. Sisi wa Magomeni, Dar es Salaam, tunamkumbuka: guta, mabonge ndani ya maranda na magunia, njia nzima inachuruzika maji. Lakini irudi kwa faida ya nani?

Hesabu yake wengi hawaijui. Kiwandani ananunua bonge zima, keshi. Bonge lenyewe haligandi kwa saa mbili: maji yanatiwa kwenye makopo marefu ya bati, yanazamishwa kwenye hodhi la maji ya chumvi yenye baridi kali, hapo ni kusubiri. Akishalipa, kila tone linalodondoka kuanzia getini ni lake. Mteja analipia kilichofika mlangoni.

Harusi ya binamu yangu ilikuwa 2011, mgao wa umeme umepamba moto, bwawa la umeme la Mtera maji yamepungua, friji za mtaa mzima zimekuwa makabati. Pipa la soda liko uani linasubiri. Jamaa wa barafu akafika jua la utosi, vidole kavizungushia vipande vya tyubu ya baiskeli, akafunua gunia. Shangazi akadaka: mbona jeupe katikati, si maji machafu haya? Akaelezwa kwa adabu kwamba barafu huganda kuanzia pembeni, hewa inabanwa katikati, weupe ndio huo. Shangazi hakuja kusoma. Akamwita mwenyekiti wa kamati, mwenyekiti akamtafuta mweka hazina, mweka hazina yuko kwa kinyozi. Guta juani.

"Mama, mnavyobishana mnanipunguza," jamaa akasema.

Watu wakacheka. Mweka hazina anafika, ndevu zimechongwa, pembe za bonge zimeshakuwa mviringo. Shangazi, bila haya: "Bei hiyo, na lenyewe dogo hivi?" Akapunguziwa! Halafu jamaa huyohuyo akalikata kwa msumeno, akalipasua kwa tindo, akapanga vipande katikati ya chupa, akaagiza chumvi ya mawe inyunyizwe ili soda ziwahi kupoa. Zikapoa kwelikweli. Yeye hata moja hakupewa.

Naanza kuandika nilikuwa namtaka arudi. Nilipofika hapa kwa shangazi, hamu imekata. Tunalolilia ni ubaridi, na siku hizi kila duka lina friji. Isirudi. Barafu ya samaki pale soko la Feri ni habari nyingine, wale wanajuana na wateja wao na hakuna kamati. Ila Ramadhani, umeme ukikatika alasiri na futari inakaribia, sitasema sitaki kumwona pale kona. Mwanzo wa mwezi huo tu, basi, na pesa ashike kabla hajafunua gunia. Shangazi abaki ndani.