Kiingereza cha kutembeza wageni Lamu: anza na saa

Vijana wanaoanza kazi ya kutembeza wageni hapa Lamu huniuliza sana kama "colour" iandikwe na u au bila u. Zote sawa. Yenye u ni ya Uingereza, nayo ndiyo tunayofundishwa shuleni. Isiyo na u ni ya Marekani, na kamusi ya Noah Webster ya 1828 ilichangia sana kuieneza. Chagua moja, usizichanganye kwenye bango moja, kisha tuongee mambo ya kazi.

La kwanza ni saa. Chukua safari ya magofu ya Takwa, kule kisiwa cha Manda. Mashua hupita kwenye mkono wa bahari katikati ya mikoko, na hupita maji yakijaa, yakishakupwa, basi. Sasa mwambie mgeni "four o'clock" ukikusudia saa nne asubuhi. Atakuja alasiri, na nahodha ameshakunja tanga. Saa nne yetu kwao ni "ten". Usihangaike kujumlisha na kutoa sita kichwani mgeni akikutazama. Toa simu, soma tarakimu zilivyo, malizia na "in the morning". Hata ukiwa na hakika, mwonyeshe.

Mtihani zaidi ni mgeni anayeuliza kwa kukanusha. Mko nje ya Ngome asubuhi mapema, anasema, "The fort isn't open yet?" Sisi tungejibu "Ndiyo, bado", maana tunamkubalia alilosema. Kiingereza hakitazami kama mmekubaliana, kinatazama kitenzi: kikiwa cha kukanusha, jibu huanza na "no". "No, it isn't." Ukisema "yes" ukanyamaza, huenda akapanda ngazi mpaka mlangoni. Kwa hiyo neno hilo usiliache peke yake. Maliza sentensi, hata ukiona kama unajirudia.

"He" na "she" sina ujanja wa kukupa. Kwetu kila mtu ni yeye, na ulimi umezoea hivyo. Nimewasikia hata wakongwe wa kazi hii wakimsimulia Mwana Kupona, yule mshairi wa Pate aliyemtungia bintiye wasia mwaka 1858, kwa "he" mwanzo hadi mwisho, na wageni wakaondoka wakidhani alikuwa baba. Ukifika pa kumtaja mtu, punguza mwendo.

Mengine ni madogo. Ukitoka kidogo usiseme "I'm coming", mgeni atashangaa mbona unakwenda. Sema "I'll be right back". Akijikwaa uchochoroni ukamwambia "sorry", huenda akakujibu kwamba si kosa lako. Wapo wanaowakataza vijana neno hilo. Mimi nalisema bado, pole ni adabu. Na kuazima kwetu huenda pande zote mbili, ila kwao anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Utakayoihitaji mara nyingi ni "Can I borrow your pen?", hasa siku za kuandika risiti ya mashua.