Kwa Vijana Wapya wa Yadi ya Kuosha Magari: Hicho Kinachong'aa Ni Nini?

Jumamosi nimemkuta kijana wetu mpya, wiki yake ya pili, akipulizia usukani wa gari la mwalimu mmoja, Fielder, ile dawa ya dashibodi ya kopo. Amemaliza usukani, akainama, akaanza na pedali. Anaimba kabisa. Nikamwuliza, "Kijana wangu, mwalimu akikanyaga breki kiatu kiteleze, utaenda kumwambia nini hospitalini?" Akaniangalia kana kwamba nimempa hesabu ya darasa la nane. "Lakini boss, si inang'aa?"

Nilitaka kumfokea nikakosa pumzi. Jibu hilo nililitoa mimi mwenyewe, karibu maneno yaleyale, miaka kumi na kitu iliyopita. Basi nimeketi niandike. Mambo ya ndoo mbili, kuanza juu ukishuka, kutoosha boneti ikiwa moto, hayo mnayajua. Asiyejua amwulize mwenzake chai ikiiva.

1. Sabuni na maji.

Sabuni ya unga ni ya kufulia. Najua povu lake linavyompendeza mteja akiwa pale kwenye benchi, na bei yake naijua. Lakini ni kali. Inaondoka na nta yote uliyoweka mwezi jana na kuacha mipira ya milango imekauka kama ngozi ya ngoma. Ya vyombo nayo huondoa nta, kwa hiyo itumie siku moja tu, siku unayotaka nta ya zamani itoke ndipo uweke mpya. Siku nyingine zote ni shampuu ya gari, yenye pH karibu na 7, yaani si asidi wala si magadi.

Mfereji ukikauka tunaita bauza, na bauza nyingi hubeba maji ya kisima. Maji hayo yana madini. Yakikaukia juu ya Subaru nyeusi saa saba mchana, utaona viduara vyeupe ambavyo shampuu haiviwezi. Usikimbilie kompaundi, ile polishi kali inayokwangua. Siki uliyoipunguza kwa maji, kitambaa laini, suuza upesi, kausha. Alama changa hutoka. Nimewahi kumkuta mtu akizisugua kwa steelwire ya sufuria. Sitasema ni nani kwa sababu bado tunakula naye chapati, lakini yeye anajijua.

Na mteja anayeegesha chini ya migunga karibu na Uwanja wa Nyayo hapa Nairobi, wanakolala wale korongo wakubwa, mwambieni asingoje wikendi. Kinyesi cha ndege kikipikwa na jua siku mbili juu ya klia, lile tabaka angavu linalofunika rangi, kinaacha alama ambayo hakuna shampuu itakayoifuta.

2. Polishi si nta.

Kila mwaka nalirudia hili. Polishi hukata, nta hufunika. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50 hivi, nyembamba kuliko unywele. Kila ukipitisha kompaundi umeipunguza, na hakuna duka Kirinyaga Road linalouza klia ya kurudishia kwa kitambaa. Kwa hiyo anza na polishi laini kuliko zote ulizonazo, kwenye sehemu ya ukubwa wa gazeti, umulike tochi utazame. Ikitosha, imetosha. Gari jeupe la kazi la zamani likikichafua kitambaa chako kwa weupe, usipige mayowe. Mengi ya hayo hayana klia, hiyo ni rangi yenyewe inatoka. Punguza mkono.

Karnauba ni nta ya majani ya mti wa jamii ya minazi kutoka Brazili, na hakuna kitu kinachopendeza juu ya rangi nyekundu kama hiyo. Lakini sisi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari na ikweta iko hapo jirani. Mwambie mteja ni wiki chache, usimwambie mwaka. Silanti ya kemikali, inayofunika kama nta, hukaa miezi. Seramiki, nayo ya kufunika, hukaa zaidi, ila ile "9H" iliyoandikwa kwenye boksi ni kipimo cha ugumu wa penseli. Si almasi. Nilipata mteja aliyekuja kuchukua gari lake akiwa na msumari mfukoni, anataka kujaribu. Tulimshika mkono.

3. Dawa ya dashibodi na matairi. Hapa ndipo nilipoungua.

Nilikuwa na miezi minane kazini. Uga wetu ulikuwa mmoja, umezungushiwa mabati: nusu tunaosha sisi, nusu yuko mzee mmoja fundi wa rangi, katikati turubai lililochanika. Mkubwa wangu alikuwa ananunua dawa ya dashibodi ya maji, ile nyeupe kama maziwa, galoni ya lita 5. Ukiipaka inaacha dashibodi kama ilivyotoka kiwandani, haina mng'aro. Mimi niliiona ya kishamba. Mteja anafungua mlango, haoni kitu, anatoa hamsini anaenda.

Nikatoa pesa zangu mwenyewe nikanunua kopo la kupulizia mjini, kwa mchuuzi wa barabarani. Lilikuwa na picha ya gari la mashindano na harufu ya stroberi. Lebo sikuisoma. Siku hiyo dashibodi ziling'aa kama samaki aliyetoka majini, matairi yakawa meusi tititi, na wateja wakaanza kuniita jina langu. Bakshishi ikapanda. Nikawa natembea na kitambaa changu mfuko wa nyuma, kimelowa ile dawa, kama askari na bunduki yake.

Wiki hiyo yule mzee alikuwa anapiga rangi boneti ya Premio, bluu ya usiku. Kila asubuhi kabla hajapuliza alikuwa ananiita, "Kijana, njoo unipangusie vumbi, vitambaa vyako ni laini kuliko vyangu." Na mimi napangusa, najisikia mtu.

Siku ya kwanza klia ikatoka na vishimo. Mafundi huviita macho ya samaki: viduara vidogo, rangi imekimbia katikati, unaona mpaka praima, rangi ya chini kabisa. Mzee akasema ni maji kwenye kompresa. Akayamwaga, akapiga msasa, akarudia. Siku ya pili vilevile. Akasema thina imechakachuliwa, akaenda kununua nyingine. Siku ya tatu vilevile, na mwenye gari amefika. Alimtukana mzee mbele ya uga mzima. Alimwambia aende akapake rangi mikokoteni. Mzee ana wajukuu, amesimama pale ameshika bunduki ya rangi, hasemi neno.

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye hiyo boneti. Jua lilikuwa limelala ubavuni, na nikaona kitu ambacho hakuna mwingine aliyekiona. Vile vishimo havikutawanyika ovyo. Vilikuwa vimepangana kwa upinde, upinde juu ya upinde, kutoka upande wa kioo kuja kwenye taa. Nikainua mkono wangu wa kulia kidogo tu, kama mtu anayejinyoosha, nikaupitisha hewani. Ulikuwa ni upinde wa mkono wangu.

Na nikanyamaza.

Nataka mlielewe hilo kuliko mambo ya dawa. Nilijua, nikanyamaza. Nikapanda matatu jioni na lile kopo ndani ya begi, nikaliweka chini ya kitanda kama mtu aliyeiba. Asubuhi nikamkuta mzee amefungua kompresa yote, vipande viko juu ya gunia, na amekopa pesa za chujio jipya. Ndipo nikashindwa. Nikaenda na kitambaa mkononi nikamwambia, "Mzee, nadhani ni mimi."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alikichukua kitambaa, akapangusa kipande cha mudguard kuukuu, akadondosha tone la klia juu yake. Tone lilipogusa bati lilijivuta kando, likaacha jicho tupu katikati. "Umeona inavyokimbia?" akasema. "Silikoni. Rangi mbichi haikubali kulala juu yake." Halafu akanipa dawa ya kuondolea mafuta na vitambaa vya karatasi, akanionya nisiguse msasa kabla ya hapo, maana msasa ukitangulia unaizika silikoni ndani ya mikwaruzo. Nikafuta, nikageuza karatasi, nikafuta tena. Ndipo nikapewa msasa. Siku mbili. Rangi na klia nilinunua kwa bakshishi yote niliyokusanya, na haikutosha. Vile vitambaa vyangu tulivichoma, kwa sababu silikoni haitoki kwa kufua ndoo moja.

Sasa, tip yenyewe ni fupi. Nunua dawa ya maji yenye mwisho wa kawaida, usio wa kung'aa. Soma lebo, maana hata za maji nyingine zina silikoni. Pulizia kwenye kitambaa, usipulizie hewani. Usukani, pedali na gia hazipakwi kitu. Dashibodi inayong'aa hujiangalia kwenye kioo cha mbele, na dereva anayepanda Waiyaki Way jua la jioni likiwa usoni anahitaji kuona barabara, si kazi yako. Na kama jirani yako ni fundi wa rangi, vitambaa vyako na vyake visijuane kabisa.

Yule mzee tulibaki marafiki. Lakini mpaka alipofunga kazi akarudi nyumbani, nikimsogelea alikuwa anasema kwanza, "Nionyeshe mikono."

4. Viti na vya ndani.

Ukifungua viti ili uoshe zulia, kuna soketi za manjano chini yake, za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali. Zima gari, toa terminali ya betri, subiri dakika kadhaa ndipo uzichomoe, na usiwashe swichi kabla hujazirudisha. La sivyo taa ya eabegi itakaa kwenye dashibodi mpaka aje mtu wa kompyuta, na mtu huyo unamlipa wewe. Ngozi ina sabuni yake na losheni yake. Dawa ya dashibodi juu ya kiti cha ngozi ni kumtelezesha mteja mpaka kwa jirani. Tinti, ile karatasi ya giza ya vioo, haitaki dawa ya vioo yenye amonia. Mikanda ya usalama ni maji na sabuni laini tu, basi. Zulia likaushwe mpaka chini ya sponji, hasa miezi ya mvua ndefu. Mteja akirudi Alhamisi akisema gari linanuka mbuzi, si mbuzi.

5. Chupa.

Hakuna dawa kuingia kwenye chupa ya soda. Hakuna. Dawa ya rimu yenye asidi na dawa ya vioo, zote mbili huweza kufanana kwa macho, na kioo kilichoumwa na asidi hakipigwi polishi kikarudi. Andikeni kwa kalamu ya wino usiofutika, Kiswahili, Kikuyu, Kiluo, mradi isomeke. Kitambaa cha mikrofaiba kikianguka chini kimehamia kwenye rimu, hakirudi kwenye rangi hata ukifue mara saba, na msikifue na ile dawa ya kulainisha nguo.

Kuhusu ile Fielder: nilimsimamia kijana akaufuta usukani na pedali kwa maji ya sabuni mara tatu, akapaka dashibodi upya ile ya maziwa. Mwalimu alipokuja akafungua mlango, akatazama ndani, akatazama tena. "Mbona leo haijang'aa?"

Kijana akanigeukia. Macho yake yalikuwa yanasema, si nilikwambia.

Nikamwambia, "Mwalimu, ushike usukani." Akaushika, akaupinda kulia na kushoto, akakubali kwamba hautelezi. Halafu akauliza kama siku nyingine tunaweza kumwekea kidogo tu, pale mbele, watoto wake wanapenda.

Kijana akainama kufunga ndoo. Nilimwona anacheka.