Leseni ya kutunza wazee Texas: jina la kampuni baadaye

Wabeba boksi wenzangu wengi, baada ya kukesha miaka na wazee wa watu, hufika mahali pa kusema: sasa nafungua kampuni yangu. Wazo zuri. Ila wengi huanza na jina na nembo. Mimi ni msimamizi wa kampuni ndogo ya huduma za majumbani, na mtu akinipigia kuomba ushauri namuuliza kwanza: wafanyakazi wako watafanya nini wakiwa kwa mteja?

Jibu hilo ndilo linalochagua leseni. Kuogesha, kuvalisha, kulisha, kumwinua mtu kitandani, hayo ni ya kundi linaloitwa PAS (Personal Assistance Services, huduma za kumsaidia mtu mahitaji yake binafsi). Ukitaka kupeleka manesi wa kuchoma sindano na kusafisha vidonda, hilo ni kundi lingine, lenye masharti mazito zaidi. Anza na PAS. Ada ni dola 2,625 kwa miaka 3.

Lazima uwe na msimamizi na naibu wake. Tafadhali usiandike jina la shemeji ili kujaza fomu. Naibu anatakiwa awe na sifa zilezile, na mkaguzi akikukosa atamtafuta yeye.

Ukaguzi huja baada ya leseni, ukishapata mteja, na hapo ndipo watu wanapoumbuka. Mkaguzi hufungua mafaili ya wafanyakazi. Anataka kuona kwamba ulichunguza rekodi ya jinai, na kwamba ulitafuta jina la mfanyakazi kwenye rejista ya jimbo ya waliowahi kudhulumu au kuwaibia wagonjwa. Hata kama ni mpwa wako uliyemlea. Kisha anaangalia tarehe: karatasi iliyochapishwa siku moja baada ya zamu ya kwanza haikusaidii. Rejista hiyo unairudia kila mwaka.

Aliyeko California asifuate haya ya kwetu. Kule tangu 2016 kuna sheria yake, na kila mtunzaji anayefanyia kampuni husajiliwa na jimbo yeye mwenyewe.

Halafu pesa. Leseni haikupi malipo ya Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Huo ni mkataba mwingine, na foleni yake nyingine. Medicare nayo, bima ya serikali hasa kwa wazee, hailipii mtu anayehitaji kuogeshwa na kupikiwa tu. Wateja wako wa kwanza watakuwa familia zinazolipa mfukoni, kwa hiyo zile zamu zako za usiku usiziache kwanza.