Wrinkle, crease, pleat, fold: zote ni "mkunjo" tu?

Mkuu, umeuliza kwa nini kamusi inakupa "mkunjo" kwa maneno yote manne, ukaweka na sentensi inayokusumbua: "She smoothed the creases from her skirt." Wewe umeitafsiri "Alinyoosha marinda ya sketi yake." Mimi nimekulia chini ya meza ya cherehani ya mama, na siku hizi nafanya tafsiri, kwa hiyo swali lako limenigusa kotekote.

Anza kwa kuuliza: nani kaukunja, na alikusudia?

Pleat ni rinda. Limepimwa, limebanwa, limeshonwa. Dada zangu walikuwa wanazipanga sketi zao za shule Jumapili usiku, rinda moja baada ya jingine, wanazilaza chini ya godoro. Asubuhi zimekaa kama zimetoka kwenye pasi. Asili yake ni Kilatini, plicare, yaani kukunja, likapitia Kifaransa cha kale. Kitenzi hicho kina ukoo mkubwa: duplicate ni kukunja mara mbili, reply ni kukunja kurudi nyuma, na plaiwudi ya seremala imo, maana ply ni tabaka. Mimi ninalolipenda zaidi ni explicit, jambo lililokunjuliwa. Hapo Kilatini na Kiswahili vimekutana bila kuambizana, kwani sisi mtu asiye na kinyongo tunamwita mkunjufu. Ila explain usiliweke humo, hilo linatoka kwenye planus, tambarare. Ukieleza jambo, umelisawazisha.

Fold halina makuu: shuka, barua, kitenge. Ni neno la ukoo mmoja na Kijerumani, ndugu yake falten yupo Ujerumani mpaka leo.

Crease ndilo linalochanganya watu. Mstari wa pasi kwenye suruali ni crease, na mikunjo uliyoipata kwa kukaa ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Posta ni crease vilevile. Inaaminika limetokana na crest, yaani kishungi au kilele. Itazame suruali iliyonyooshwa vizuri, utaona ule mstari umesimama kama kishungi. Kwa hiyo crease ni alama inayobaki baada ya kitu kukunjwa, iwe kwa kupenda au kwa bahati mbaya.

Wrinkle halina mwenye kulikusudia. Ni makunyanzi ya uso, ni shati lililokunjamana kabatini. Katika Kiingereza cha kale lilihusu kitu kinachopindapinda, mfano mtaro. Kilatini makunyanzi yanaitwa ruga, na humo ndimo lilimotoka jina la mabati yetu ya migongo, corrugated, ambayo Henry Robinson Palmer aliyapatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, London mwaka 1829. Crumple lina nguvu ndani yake: karatasi umeifinyanga kiganjani, umeitupa.

Sasa pucker, hujaliuliza lakini liliniumiza. Mteja mmoja wa nje aliniletea maelekezo ya kushona mashati, yameandikwa "no puckering along the seams." Nikaandika "pasiwe na mikunjo kwenye mishono." Mafundi wakapiga pasi kila shati likang'aa, na mzigo ukarudishwa. Nikampelekea mama shati moja. Akalitandaza mapajani, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa ubavuni, taratibu, akasema, "Mwanangu, huu unavuta. Uzi ulikazwa mno." Nilipoinama nikaona vitambaa vimejikusanya vidogovidogo pande zote mbili za uzi. Hiyo ndiyo pucker. Wengi wanaliunganisha na poke, neno la zamani la mfuko, lililozaa pocket: nguo imejikusanya kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Pasi haiondoi kitu hapo, mpaka ufumue, ulegeze uzi, ushone upya. Neno lilikuwepo kwa mafundi siku zote, "mshono unavuta", na mimi nilikuwa nimelisikia tangu utotoni nikaenda kulitafuta kwenye kamusi.

Turudi kwenye sentensi yako. Ukisema alinyoosha marinda, umemfanya mwanamke aiharibu sketi yake mwenyewe. Andika: "Aliipapasa sketi yake kuondoa mikunjo." Kama sketi hiyo ni ya marinda, marinda yabaki yalivyo.