Uliza Fundi wa Kompyuta: Windows 10 imeisha muda, laptopu bado nzima, nifanyeje?

Tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, maswali yanayoingia hapa ni kama yameandikwa na mtu mmoja, laptopu yangu haina tatizo lolote ila naambiwa imekwisha. Nimechagua manne. La kwanza nimelijibu kwa urefu maana najua liko kwenye meza nyingi, mengine mtanisamehe.

Habari za kazi fundi. Nina steshenari hapa Morogoro jirani na chuo, natumia HP EliteBook 840 G3, RAM 4, hadi diski ya 500, niliinunua mtumba. Sasa kila nikiwasha inaniletea ujumbe wa Windows 10 mwisho. Kijana mmoja wa kompyuta kaniambia hii haipokei Windows 11 nitafute nyingine, na anayo moja ya kuniuzia. Mwingine anasema nitoe Windows niweke mfumo mwingine unaitwa Linux, ni bure. Kazi zangu ni kutaipu, kuprinti, kuskani, picha za pasipoti na kuwajazia watu fomu mtandaoni. Halafu inakuwa nzito sana siku hizi. – Mama Steshenari, Morogoro

Nzuri mama. Kwanza usitupe kitu, na huyo kijana mwenye moja ya kukuuzia mwambie asubiri.

Alichokwambia ni ukweli nusu. Ukiingia kwenye taarifa za mashine yako utaona prosesa imeandikwa i5-6200U au i5-6300U, hiyo 6 inayofuata baada ya kistari ndio kizazi chake, na Windows 11 kwa upande wa Intel kirasmi inaanzia kizazi cha 8, zile zilizoanza kutoka 2017, tena inataka na kitu cha usalama kinaitwa TPM 2.0. Kwa hiyo kweli kirasmi hupiti. Lakini Windows 10 kuisha muda haina maana laptopu itazima, kesho utaiwasha na itaprinti kama jana. Kilichokoma ni kuzibiwa matundu ya usalama, na hapo mama sikufichi wewe ndio upo kwenye hatari kuliko mtu wa nyumbani, flashi za chuo kizima zinapita kwenye mashine moja na hapohapo watu wanaingiza neno la siri la akaunti zao.

Ila uzito unaousema hauna uhusiano na hayo yote. Uzito ni hiyo hadi diski ya kuzunguka na hiyo RAM 4. Kabla hujabishana na mtu kuhusu Windows au Linux, nenda kaweke SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, hata ya 256 na uongeze RAM ifike 8, 840 G3 ina nafasi mbili za RAM na inafunguka kwa bisibisi ya kawaida, fundi wa hapo mjini anamaliza huku unamsubiri. Watu wananunua laptopu nyingine kwa tatizo ambalo SSD ingelimaliza, nimeliona hili mpaka nimechoka kuliona.

Sasa mfumo. Microsoft wametoa mwaka mmoja wa nyongeza wa apdeti za usalama za Windows 10 mpaka Oktoba 2026, unaingia kwenye Settings sehemu ya Windows Update unajiandikisha. Ni dola 30, ila ukiingia na akaunti ya Microsoft ukakubali kuhifadhi mipangilio ya mashine kwao hulipi. Sharti Windows iwe halali na iwe toleo la 22H2. Na hapa kuna siri ambayo mafundi wengi hawakwambii, hizi EliteBook za maofisini nyingi zilitoka kiwandani na Windows Pro ambayo ufunguo wake umekaa ndani kwenye bodi yenyewe, ukipiga Windows safi kutoka kwa Microsoft inajitambua bila kuulizwa chochote. Kwa hiyo mtu akija na flashi yake ya krak, yaani Windows ya wizi, kukupigia Windows kwa elfu kumi mwambie asante, hujui ndani kaweka na nini kingine.

Kuna njia ya panya pia, programu inaitwa Rufus inatengeneza flashi ya Windows 11 iliyoondolewa hayo masharti, na kwenye kizazi cha 6 inapanda na inafanya kazi. Mimi siipendi kwa mtu wa biashara, maana Microsoft hawaitambui hiyo mashine na matoleo makubwa ya kila mwaka hayaji yenyewe, utakuwa unaitafuta tena ile flashi.

Halafu Linux. Kwa mashine yako ningeweka Linux Mint, toleo la 22 linahudumiwa mpaka 2029, sura yake haikimbizi mtu aliyezoea Windows, bure kweli na hizo virusi za flashi za madogo zimeandikwa kwa Windows kwa hiyo nyingi hazitakugusa. Lakini swali la kwanza nakuuliza mimi, hizo picha za pasipoti unakata na nini? Kama ni Photoshop, haipo kwenye Linux. Kuna GIMP, inafanya, ila vidole vyako vimeshazoea na foleni ya wateja haikusubiri ujifunze. La pili, mwanafunzi analeta risechi yake ya Word kurasa 80, kwenye LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word huko Linux, inafunguka lakini jedwali limeruka, namba za kurasa zimehama, atakugombeza wewe. La tatu printa. Printa za HP nyingi hazisumbui Linux hata kidogo, ila zile Canon ndogo za leza zinazopendwa na steshenari, draiva yake inaweza kukupotezea siku.

Kwa hiyo ningekuwa wewe ningeweka SSD na RAM mwezi huu, nijiandikishe huo mwaka wa nyongeza, halafu nitafute kijana aniwekee Mint kwenye flashi, unaiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa Windows yako, unajaribu kuprinti, kuskani, waifai, na kufungua mafaili ya wateja. Fanya hivyo Jumapili ambayo huna watu. Vikikubali vyote, Oktoba 2026 ikifika unahamia bila presha. Vikigoma, utakuwa umepata muda wa kuweka hela ya mashine ya kizazi cha 8, na hii ya sasa humpi mtu, inabaki ya wateja kujazia fomu.

Sasa fundi. Mimi niko mwaka wa kwanza kompyuta sayansi hapa Nairobi. Niko na elfu hamsini na mzazi amesema anaweza kuongeza kidogo. Mabeshte wangu wote wanasema MacBook ndio ya programa, ThinkPad ni ya wazee wa benki. Kuna jamaa tao ana MacBook Pro ya 2017 safi kabisa bei poa. Nichukue? – Brayo

Poa mdogo wangu. Hiyo ya 2017 hapana.

Siichukii Mac, tuelewane. Tangu Apple watoe chip yao ya M1 Novemba 2020 ile MacBook Air haina hata feni, unakaa nayo darasani toka asubuhi hukumbuki chaja iko wapi, ukweli usemwe hiyo ni kompyuta. Lakini hiyo ya 2017 ni ya Intel, na Apple walishatangaza Juni 2025 kwamba macOS 26, yaani mfumo wa Mac, ndio ya mwisho kugusa Mac za Intel, tena sio zote, ya 2017 hata hiyo 26 haipati. Ndio maana imekuwa bei poa. Unanunua nembo.

Na hata M1 uipime. RAM imegandishwa kwenye bodi haibadilishwi, diski imegandishwa, ukinunua ya 8 utamaliza nayo chuo ikiwa 8 hata upate kazi ya milioni, na ukija kuwasha Android Studio ya kutengenezea app za Android na emyuleta yake, ile simu ya bandia kwenye skrini, hiyo 8 inalia. Kama unataka kutengeneza app za iPhone sawa, hapo huna ujanja, Xcode iko kwenye Mac peke yake. Unataka? Mwaka wa kwanza wengi hata hawajui.

Mimi kwa hela yako ningetafuta hiyo ya wazee wa benki, ThinkPad T480 ya kizazi cha 8. Windows 11 inaikubali rasmi, Linux inaikubali kama imezaliwa nayo, RAM nafasi mbili, betri ziko mbili na ya nyuma unaichomoa kwa mkono bila kufungua kitu. Chukua ya RAM 16 au weka mwenyewe. Weka Windows na Linux zote mbili kwenye diski moja, maana Linux utaihitaji tu, seva nyingi unazotembelea kila siku ndio zinaendeshwa nayo, jamaa mwanafunzi kama wewe kule Helsinki aliianza 1991, Linus Torvalds, na mpaka leo mafunzo mengi ya programa yanadhani unayo.

Sasa sikiliza hapa vizuri kuliko pote. Ukienda dukani tao usiridhike kuona imewaka. Hizi za mtumba zilikuwa za makampuni huko Ulaya, nyingine hazikutolewa kwenye orodha za kampuni, mwenye duka amezipiga Windows bila intaneti hazijaonyesha kitu, wewe unafika nyumbani siku unaifomati ukiwa na waifai inakuandikia karibu kampuni fulani, weka barua pepe ya kazi. Umekwisha, hata ubadilishe SSD inarudi vilevile. Mwambie muuzaji aifomati mbele yako na uiunganishe hotspot ya simu yako wakati inajianzisha. Akikataa ondoka. Bonyeza F1 inapowaka uone kama BIOS, mipangilio ya ndani ya mashine, ina neno la siri. Kwenye Mac kitu kama hicho ni kufuli la iCloud, mwambie aifute yote muanze upya pamoja.

Betri nayo usiiamini kwa macho. Fungua command prompt, andika powercfg /batteryreport, inakupa faili, linganisha uwezo iliyozaliwa nao na uwezo wa sasa ikijaa. Ikiwa imebaki nusu, punguziwa bei au wakubadilishie. Skrini iangalie ikiwa nyeupe yote, kibodi ibonyeze kila kitufe, usione haya, hela ni yako.

Fundi wewe ni mlokole wa Linux. Nilisoma ulichoandika nikashawishi SACCOS yetu tukahamisha kompyuta zote, Tally yetu ya hesabu haikuwaka, Excel za mikopo zenye macros, zile amri za kujiendesha, zikafa, mwenyekiti kanisema mbele ya wanachama. Unasemaje? – Mhasibu aliyekasirika, Mwanza

Pole sana kaka, kwa mwenyekiti sina dawa. Ila mtu anaanza na programu, mfumo unafuata. Tally ni ya Windows, QuickBooks ile ya kwenye mashine ni ya Windows, Revit ya wachora majengo ni ya Windows peke yake hata Mac haipo. Ofisi inayoishi kwa programu hizo kuihamishia Linux ni kuitafutia ugomvi, na Wine wanayokwambia inaendesha programu za Windows ni ya kujaribia nyumbani, hesabu za watu usiziweke hapo.

Rudisheni Windows kwenye meza ya mhasibu na ya mikopo, ya leseni, SACCOS haiwezi kuwa inakagua watu huku yenyewe inatumia krak. Mashine za mapokezi na ile ya kutunzia nakala za mafaili ziacheni kwenye Linux, hizo hazina Tally. Na kwenye za Windows ingia kwenye mipangilio ya waifai uwashe metered connection, la sivyo apdeti itameza bando la ofisi lote siku moja na utaitwa tena mbele ya mwenyekiti.

Ulokole nakubali kidogo. Kuna kitu kinanikera, 2004 pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mradi wa Kilinux walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, watu wakasema nani atatumia hiyo, na leo shule zinanunua maabara ya kompyuta zinajaza Windows ya krak kufundishia watoto kutaipu barua. Kutaipu barua! Hapo Linux ingetosha na chenji ikabaki.

Assalam aleikum. Niko Muscat, nataka kumpelekea mtoto wa dada yangu laptopu Unguja, ameingia chuo anasomea ualimu. Hapa kuna mpya za bei nafuu, Celeron, RAM 4, diski 64, ina Windows 11. Mke wangu anasema bora mpya kuliko iliyotumika. – Mjomba, Muscat

Waaleikum salaam mjomba. Bi mkubwa simpingi kwenye mengine ila hapa naomba nimpinge. Hiyo Windows 11 inaikubali kweli, masharti ya chini ni RAM 4 na diski 64, lakini hicho ndicho kiwango cha kuwaka, cha kufanyia kazi ni kingine. Diski 64 ya aina hiyo mara nyingi ni eMMC, ipo taratibu, apdeti kubwa mbili inajaa, na RAM huwa imegandishwa kwa hiyo hata fundi wa Darajani hana cha kumsaidia. Mtoto atakuwa na laptopu mpya anayoichukia.

Mtafutie ya maofisini iliyotumika, Dell Latitude au HP EliteBook kuanzia kizazi cha 8, RAM 8, SSD 256, kwa hela inayokaribiana na hiyo. Vipimo vyote nilivyomwambia Brayo hapo juu vifanye na wewe. Chaja haina wasiwasi, plagi ya huko ni ileile ya miguu mitatu ya kwetu na umeme unaendana. Kibodi nyingi za huko zina herufi za Kiarabu pembeni, mwanachuo wa Unguja nadhani hatolalamika. Gharantii ya duka la Muscat haitavuka bahari, kwa hiyo itumie wewe wiki moja mbili kabla ya kuituma ijifichue kama ina jambo, na ukipata mtu wa kuja nayo aiweke kwenye begi la mkononi, betri za lithiamu sio za kutupwa kwenye mizigo ya chini.