Usiipime PS kwa gemu zake za kwanza

Kila PS mpya (PlayStation, mashine ya gemu ya Sony) inapotoka, wadogo zangu huniuliza swali lilelile: ninunue sasa au ningoje? Kama hela yenyewe ni ya kujibana, mimi nasema ngoja. Mashine ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa sita ndani ni ileile, ila picha zinazotoka kwenye kioo hazifanani hata kidogo, na kufikia hapo za mtumba zinakuwa zimejaa madukani.

Mfano wangu ni PS3, kwa sababu nimeicheza tangu gemu zake za mwanzo hadi za mwisho. Pia kuna studio moja, Naughty Dog ya California, iliyotoa gemu nne kubwa juu ya mashine hiyohiyo: Uncharted: Drake's Fortune mwaka 2007, Uncharted 2 mwaka 2009, Uncharted 3 mwaka 2011 na The Last of Us mwaka 2013. Zicheze kwa mfuatano huo, utawaona watu wakiijua kazi yao mbele ya macho yako.

Ile ya 2007 bado inapendeza. Drake, mhusika unayemchezesha, akiingia majini, nguo zake hutoka zimelowa. Lakini zungusha kamera haraka ukiwa msituni, utaona picha inakatika katikati: nusu moja imeshahamia upande, nusu nyingine imebaki nyuma. Uncharted 2 iliondoa kasoro hiyo, kisha ikatuwekea pigano juu ya treni inayokwenda kweli, kutoka misitu ya kijani hadi milima ya theluji. Unaruka behewa hadi behewa huku reli inapinda, na mbele yako unaona mabehewa mengine yakipinda nayo.

Halafu The Last of Us. Tafuta chumba kisicho na taa, chenye mwanga wa dirishani tu, umsogeze Joel, mhusika wake mkuu, ukutani polepole. Ukutani patatokea weusi hafifu, usio na kingo, unaofuata bega lake na kukolea kadiri anavyokaribia. Ndivyo kivuli kinavyokuwa kwenye chumba halisi mchana. Mashine haikuwa na nguvu ya kukokotoa kivuli cha namna hiyo kwa mwili mzima wenye nguo na vidole, kwa hiyo mafundi walimwakilisha mtu kwa maumbo machache ya mviringo, moja la kichwa, jingine la kifua, jingine la mkono, wakakokotoa kivuli kutokana na hayo. Macho yako yanaridhika kabisa. Mimi hapo ndipo huwa naweka pedi chini nitazame tu.

Na kumbuka kuwa tangu 2007 hadi 2013 hakuna aliyeongeza nguvu ndani ya PS3. Memori yake ni MB 512 kwa jumla, nusu ya prosesa na nusu ya picha. Simu ya bei ya chini leo inaipita. Prosesa yake, Cell, ina kiini kikuu kimoja, na pembeni kuna visaidizi sita ambavyo gemu inaweza kuvitumia, kila kimoja kikiwa na memori yake ya KB 256 tu. Visaidizi hivyo vina kasi ajabu, lakini havijitafutii kazi. Mwandishi wa programu lazima aikate kazi vipande vidogo, avipeleke mwenyewe, avipokee mwenyewe. Miaka ya mwanzo studio nyingi ziliona shida hiyo, zikarundika mzigo kwenye kiini kikuu na chipu ya picha, visaidizi vikabaki na kazi kidogo.

Baadaye wakaanza kuhamisha mizigo. God of War III ya Machi 2010 ni mfano mzuri: kazi ya kulainisha zile ngazi ngazi kwenye kingo za maumbo ilitolewa kwenye chipu ya picha ikapewa visaidizi. Chipu ya picha ikapata nafasi ya mambo mengine, na kingo zenyewe zikatoka laini kuliko gemu nyingi za wakati ule. Rockstar nao, watengenezaji wa GTA, walipita njia hiyo: GTA IV ya 2008 kwenye PS3 ilichora picha ya mistari 640 tu kutoka juu hadi chini, ikawa na ukungu fulani. GTA V ya Septemba 2013 ikapanda hadi 720, na ramani yake ina jiji, jangwa, milima na hadi chini ya bahari. Kwa memori ileile!

Kwenye PS4 kupanda huko hakukuwa kukali hivyo, kwa sababu prosesa yake ilifanana na za kompyuta za kawaida na memori ilikuwa GB 8, hivyo mafundi waliizoea mapema. Hata hivyo weka Killzone Shadow Fall ya 2013 karibu na The Last of Us Part II ya 2020, utazame nyuso. Na kwa mwenye PS4 aliyekuwa na presha ya kuhamia PS5, Horizon Forbidden West na God of War Ragnarök, zote za 2022, zilitoka kwa mashine zote mbili. Gemu inayotakiwa iende kwenye mashine ya zamani pia haiwezi kuitumia mpya ipasavyo. Kwa hiyo kabla hujalipia, uliza imetoka mwaka gani na imetengenezwa kwa mashine zipi.

Mpira ndio unaovunja kanuni hii, na najua wengi wetu tunanunua PS kwa ajili ya mpira. FIFA ziliendelea kutoka kwa PS3 hadi FIFA 19, lakini zile za mwishoni zilikuwa injini ya zamani (programu ya msingi inayoiendesha gemu) yenye jezi na vikosi vipya. Wenye PS4 walipata injini mpya tangu FIFA 17, PS3 haikuipata. Usilipe hela nyingi kwa namba kubwa kwenye kava.

Waya nao unaua picha. Nimeshawatembelea jamaa wengi wanaocheza PS3 kwa zile waya tatu za njano, nyekundu na nyeupe kwenye TV bapa kubwa, halafu wananiambia gemu ina ukungu. Kwa waya hizo hata maandishi ya GTA V yanasomeka kwa taabu. Nunua HDMI, uiwashe kwenye mipangilio ya mashine, kisha kwenye TV chagua hali ya gemu na ushushe ule ukali wa picha unaowekwa kiwandani, maana unazichonga kingo zikawa na weupe pembeni.

Gemu za mwisho pia huibana mashine hadi feni inavuma. Ukinunua mtumba, ninapendelea PS3 Slim, ile nyembamba ya 2009, kuliko zile nene za mwanzo. Cell yake ilitengenezwa upya kwa ukubwa mdogo, inakula umeme kidogo na haipati joto sana. Iweke mahali pa wazi, si ndani ya kabati la TV, na vumbi litolewe.

Ukiwa na hela ya diski moja tu, chukua The Last of Us. Ukipata na Uncharted zote tatu, anza na ile ya 2007, kwa sababu ukishazoea zile za mbele hutakuwa na subira ya kuirudia.